Nilichokiona Ng'ambo ya Korongo

Mtani wangu mpendwa,

Salamu naziruka, maana sijui huko uliko mtu huulizwa habari za nini. Za mvua nitakupa mimi. Imenyesha juzi, ya kwanza mwaka huu, na leo asubuhi kumbikumbi wametoka Chang'ombe nzima, kwenye nyufa za kuta, kwenye mizizi ya miarobaini, hadi chini ya ngazi ya duka langu. Majirani wamewakusanya kwa mabeseni. Mimi nilisimama mlangoni na tepu ya kupimia shingoni nikiwaangalia wanavyodondosha mabawa, nikajikuta nimeshikwa na woga. Zamani ningekuwa nimeshafunga duka na niko njiani kuja kwako Hombolo.

Nakuandikia kwa sababu mkeo amenitumia ujumbe. Si wa maneno mengi, unamjua Mama Joyce. Amesema watu wanaotaka kumwoa Joyce wamechoka kusubiri. Wanataka kujua mahari waipeleke kwa nani: kwa baba wa binti, ambaye inasemekana yu hai, au kwa kaka yako, kwa kuwa baba amefariki. Halafu akamalizia hivi: "Fundi, njoo Jumamosi unijibu ana kwa ana. Siku ile ulimwona kweli mume wangu akitoka majini, au ulikuwa unatania?"

Miaka mitatu, mtani, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu walinicheka au waliniamini, na wengine walifanya yote mawili kwa pamoja, nami nikawaachia. Sasa nina siku mbili za kuamua nimwambie nini. Nimeona nianze na wewe.

Unakumbuka ulivyoingia dukani kwangu mara ya kwanza? Ulikuwa na bahasha ya manyoya ya kanga, yale yenye madoa, ukaniomba uzi mwembamba usiooza kwenye maji. Nikakwambia mimi nashona suruali, sishoni hirizi. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, ukaniuliza kabila. Niliposema Mnyamwezi, ukajipiga goti kofi.

"Mtani! Ndiyo maana una roho mbaya. Babu zako walipita hapa kwetu wamebeba pembe za ndovu za watu, wakachoka njiani, wakasema basi tukae tushone nguo."

Nikakujibu kwamba babu zangu walikaa kwa huruma tu, ili wawafundishe Wagogo kuvaa. Tangu siku hiyo uzi wangu ulikuwa wako, unaingia unauchukua na kutoka, na mimi nikifika shambani kwako nakata zabibu bila kuomba. Mke wangu alituona wendawazimu wawili.

Siku hiyohiyo uliifunga ndoano ndogo manyoya mbele yangu, kwa vidole vile vinene vya mkulima, na ilipotoka mkononi mwako ilikuwa kumbikumbi mzima. Wenzako wa Hombolo walivua kwa nyavu na kwa minyoo, na walikuona una kasoro kichwani. Wewe uligundua mwenyewe, kwa kukaa ukiangalia, kwamba mvua za mwanzo zikinyesha perege hawatafuti chakula chini. Wanatazama juu, wanangoja kumbikumbi waanguke. Kumbikumbi wa kweli ukimchoma kwenye ndoano anasambaratika kwa samaki mmoja. Wa manyoya anavua mpaka jioni.

Mwaka wa kwanza ulionipeleka bwawani nilirusha mshipi nikajivua mwenyewe sikio. Ulinitoa ndoano taratibu, ukanipulizia jeraha kama mtoto, kisha ukaenda kuwatangazia kijiji kizima kwamba leo umepata Mnyamwezi wa kilo sabini. Hata leo nikijitazama kwenye kioo cha dukani nakiona kovu lile, na huwa nacheka.

Mwanzo wa msimu ulikuwa na utaratibu wake, na hukumruhusu mtu auruke. Kabla ya mvua bwawa limesinyaa, tope la pembeni limepasukapasuka, visiki vya miti iliyozama vimetoa vichwa. Maji yana rangi ya chai ya rangi na uvuguvugu wa maji ya kuogea. Samaki wamelala kwenye kina karibu na ukuta, hawataki kitu. Hapo hatuvui, ulisema, hapo tunaangalia. Kisha mvua inanyesha mbali huko juu, makorongo yanashuka na maji mekundu yenye povu, mabua, mavi ya mbuzi, hata kandambili za watu. Siku mbili tatu hizo usiloweshe mshipi. Maji mekundu ni ya baridi na yanawaziba samaki pumzi, wanayakimbia. Lakini yakianza kutulia, unakuta mstari katikati ya bwawa, upande huu mekundu, upande ule meusi, umenyooka utadhani nimeupiga mimi kwa chaki. Perege wanajipanga upande wa meusi kungojea kumbikumbi wanaoletwa na upepo. Ukirusha manyoya yakatua upande wa mekundu, hata kwa upana wa kiganja, huna samaki.

Baridi uliipima kwa mkono. "Zamisha mpaka kwenye kiwiko, Fundi, uhesabu kumi. Vidole vikiuma, twende tukale ugali."

Na lilikuwapo sharti moja ulilolirudia kila msimu mpaka nikalichoka: usilipe korongo mgongo. Mwanzo wa mvua jua linaweza kuwa linawaka utosini, mchanga mkavu unakuunguza nyayo, na maji yako njiani yanakuja. Mvua imewanyeshea watu wengine, mafuriko ni ya kwako.

Siku ile ulivunja sharti lako mwenyewe, na mpaka leo nina hasira na wewe kwa hilo.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Tulikuwa pale korongo linapoingilia bwawani, mimi ukingoni napachika manyoya mapya, wewe umesimama. Ng'ambo, kwenye kidimbwi kilichobaki chini ya ukingo wa pili, ukaona maji yanachora duara, moja, jingine, kumi. Samaki walikuwa wanakula. Tuliangalia hewani. Hapakuwa na kumbikumbi hata mmoja, wala mbu, wala jani linaloanguka.

"Wanakula nini hawa?" ukasema, kwa sauti ya chini, ya mtu anayejiuliza. Ukateremka mchangani na kuanza kuvuka, ufito wa mshipi begani, bila kugeuza shingo kutazama juu. Nilitaka kukukumbusha. Nikadhani unajua unachofanya, wewe ndiye mwalimu.

Kwanza vyura walinyamaza. Sikuwa nimetambua kwamba walikuwa wanalia mpaka waliponyamaza. Kisha ikaja harufu ya vumbi lililolowa, na mbinguni hakuna wingu. Kisha mngurumo, nikadhani ni lori barabarani. Ulikuwa katikati ya mchanga. Hukulitazama korongo, ulinitazama mimi, ukaita "Fundi", mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile unayoniitia chai. Halafu maji yakapita mbele yangu, marefu kuliko mtu, yamebeba mti mzima na mizizi yake.

Sijui nilisimama muda gani. Yalipopungua nikaweza kuona ng'ambo, nilikuona. Ulikuwa umesimama kwenye ukingo wa pili, ufito begani. Ukanyanyua mkono. Nilipiga kelele za furaha mpaka koo likachubuka. Ukageuka, ukaingia kwenye majani marefu, ukapotea.

Hayo ndiyo niliyomwambia kaka yako, na mchungaji, na wavuvi waliokutafuta siku nne wakapata kofia na kiatu kimoja karibu na ukuta wa bwawa. Kaka yako hakuniamini. Alisema maji yale hayamwachi mtu, akaamuru msiba uwekwe hata bila maiti.

Na mimi ni mtani, nina kazi yangu msibani. Walinitegemea nivae nguo zako, nitembee mwendo wako, niwavuruge waombolezaji mpaka wanipe kuku ninyamaze. Nikavaa koti lako la kanisani na ile kofia iliyookotwa, bado ina mchanga ndani, nikaingia uani nikiburuza kisigino cha kushoto kama ulivyokuwa ukiburuza, nikawaamkia Kigogo.

"Mbukwenyi! Nani amekufa hapa? Mimi niko zangu Kongwa nakunywa, ninyi mnanichinjia ng'ombe!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kaka yako alikuwa anafuta machozi. Mkeo peke yake hakucheka. Alinijia akashika mkono wa koti, akaniuliza polepole, "Kweli ametoka?" Nami nilikuwa bado nimo mchezoni, nikamjibu kwa sauti yako, "Nimetoka, Mama Joyce. Nakuja."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtani hamwigizi mtu ambaye maiti yake haijaonekana. Hilo nimelelewa nalo. Tunamwigiza aliyelala mbele yetu au aliyekwisha kufukiwa, tunamcheka ili ajue tumemruhusu aende. Wewe hukuwapo. Nilikupa sauti ya kusemea na miguu ya kutembelea, na sikuwa na kaburi la kukurudisha.

Jioni ile Mama Joyce alivua kitambaa cheusi. Tangu hapo anakupakulia chakula kila siku. Mizabibu yako amekataa isiguswe na mtu, imegeuka kichaka. Ukienda kumpa pole anakwambia mume wake amechelewa tu, fundi alimwona. Ukiwauliza wengine wanasema, aa, yule fundi alikuwa anatania. Nimejificha katikati hapo miaka mitatu, na kwa mtu mwoga ni mahali pazuri sana.

Lipo na jingine. Mvua za mwanzo sijaacha kuja bwawani. Msimu wa kwanza baada yako nilikuja peke yangu siku ya nne ya mafuriko. Mstari ulikuwapo. Nilizamisha mkono, nikahesabu kumi, vidole havikuuma. Nilipoinua kichwa palikuwa na mtu ng'ambo anavua. Alikuwa akirusha kwa mtindo wako, mara mbili hewani, ya tatu kiwiko kimebana ubavu. Manyoya yakatua. Nikangoja maji yachore duara, hayakuchora. Upande wangu perege walikuwa wanarukaruka, upande wake bwawa lilikuwa limelala tuli, hata upepo haukulifikia. Akanyanyua mkono. Nami nikanyanyua wangu, kwa mazoea.

Msimu wa pili ikawa hivyohivyo, mahali palepale. Safari hiyo niliuzunguka ukingo mbio, umri huu, nikafika nahema. Tope lilikuwa laini, bichi, limejaa nyayo za ndege. Za mtu hazikuwapo. Nikarudi nilikoacha vifaa vyangu, nikageuka kutazama, na pale nilipotoka kusimama sasa hivi, palikuwa na mtu anavua.

Sikukimbia. Nilikaa chini nikakutazama mpaka saa sita, kwa sababu nilikuwa nimekukumbuka mno, na kukuona hivyo kulikuwa afadhali kuliko kutokukuona. Hilo nalo ni kosa langu. Sikumwambia mtu yeyote.

Barua hii niliiacha hapo siku ya Alhamisi. Leo ni Jumapili mchana, duka limefungwa, naendelea.

Jana nilikwenda kwako. Nilikuta uani kumejaa tope la mvua na mkeo ndani, anamalizia kudeki. Joyce alinipokea, "Shikamoo baba mdogo," akaenda kuinjika chai. Amekuwa mtu mzima, ana kidevu chako, masikini.

"Karibu, Fundi. Viatu hukohuko nje," akasema Mama Joyce. Nikavua, nikakaa. Kiti chako nilikikwepa. Hakuniuliza habari za nyumbani wala za mvua. Alikaa mbele yangu, mikono bado imelowa, akasema, "Haya. Sema."

"Nilimwona, shemeji."

Uso ukamfunguka, Mungu anisamehe. Nikasema haraka kabla sijashindwa, "Ngoja. Kuna kipande sikukisema."

"Kipande gani?"

"Alikuwa mkavu."

Ndiyo, mtani. Maji yalikuwa yamepita juu ya kichwa chako, mti mzima ulikuwa umepita, na wewe ulisimama ukingoni shati la bluu linapeperushwa na upepo. Kofia ilikuwa kichwani pako, na baadaye nikaletewa ileile imetolewa majini. Ukavu wako niliuona palepale, mara tu nilipokutupia jicho. Zile kelele zote za furaha nilizipiga huku najua. Sikudanganya kwamba nilikuona. Nilificha nilichokiona, na msibani mkeo aliponishika mkono wa koti nikakosa roho ya kusema.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ukavaa koti lake ukaniambia anakuja."

Nilitaka anifukuze, ningeona nafuu. Joyce alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, hakusogea.

"Hapa kwangu huja," Mama Joyce akasema. "Mvua zikianza, saa za alasiri. Nasikia kisigino kinaburuzwa uani, kinaingia, kinafika pale kwenye kiti chake. Nikitoka chumbani sioni mtu. Uani kote ni tope, na hapa ndani hapana hata doa." Akaitazama sakafu aliyotoka kuideki. "Miaka ishirini na tatu mwanaume yule ananichafulia nyumba na viatu vyake. Nikasema moyoni, heri, hatimaye amepata adabu."

Akaanza kucheka. Nami nikacheka, sikuweza kujizuia, na Joyce naye, vikombe vinagongana kwenye sinia. Kisha kicheko cha Mama Joyce kikageuka katikati, na sijawahi kumsikia mtu akilia vile. Kilikuwa kilio cha siku ile ya korongo, mtani. Kilikuwa kimekaa ndani yake miaka mitatu kwa sababu yangu. Joyce alimshika mama yake. Mimi nilitoka nikasimama kwenye tope bila viatu, nikalia na mimi, kwa aibu zaidi kuliko kwa huzuni.

Mama Joyce alipotoka alikuwa amejifunga kitambaa cheusi. Aliniambia kwamba Jumamosi ijayo unazikwa, koti lako la kanisani likiwa badala ya maiti, kaburi litachimbwa karibu na mizabibu, kaka yako ameshaitwa, mchungaji atapelekewa habari. Mahari itapokelewa na kaka yako baada ya arobaini.

"Na wewe utafanya kazi yako," akasema. "Umwambie aende. Safari hii ufanye sawasawa."

Nikamwuliza kama niigize sauti yako.

"Hapana. Yako."

Basi naijaribu hapa kwenye karatasi kabla ya siku yenyewe, nisije nikaishiwa maneno mbele za watu.

Mtani, nilikupenda. Sikuwahi kukwambia kwa sababu tulikuwa tunatukanana, na ilionekana inatosha. Najua hukai ukingoni kule kwa kupenda kwako. Tulikushikilia sisi tuliobaki, mkeo kwa kukungoja, mimi kwa kunyamaza. Nyumbani hudaiwi chochote tena. Joyce ataolewa bila wewe, mizabibu itakatwa na mtu mwingine, mkeo atakula peke yake, na siku moja pengine hatakula peke yake, nawe hutakuwa na la kusema. Najua yanauma. Yananiuma hata mimi ninayeyaandika, lakini mtani ndiye aliyepewa kuyasema, na nilipaswa kuyasema miaka mitatu iliyopita, siku ile ile, nikiwa bado nimesimama upande wangu wa maji.

Nenda sasa, Mgogo mbishi wewe. Umekufa.

Mimi mtani wako,
Fundi wa Chang'ombe